Ruksa: Karatasi Mbili katika Kasha la Bibi



Ndugu zangu wa ukoo, na wasomaji wote mnaofuatilia kumbukumbu hizi kutoka Maskati, Dubai, London na kwengineko, leo nataka kuwasimulia habari ya karatasi mbili na ya neno moja.

Mwezi wa Ramadhani uliopita tulilifungua kasha la bibi yangu, mzaa mama. Ni kasha la msaji lenye misumari ya shaba, lililotoka Pemba likaja Unguja, na kutoka Unguja likavuka bahari mpaka Maskati. Ndani mlikuwa na kanga zilizokwisha rangi, tasbihi, kijaluba cha udi na bahasha iliyofungwa kwa uzi. Katika bahasha zilikuwemo karatasi mbili.

Ya kwanza ni ya miaka ya mwisho ya 1930, imepigwa chapa kwa Kiingereza na kutiwa muhuri. Inahusu deni la babu yangu kwa tajiri mmoja wa Kihindi, na maana yake kwa ufupi ni kwamba shamba lake la mikarafuu halitouzwa kwa ajili ya deni hilo maadamu sheria mpya inamlinda. Ya pili ni kijikaratasi cha mwaka 1971, chenye hesabu ya mchele, sukari na unga ambao nyumba yetu iliruhusiwa kununua, na alama za kalamu kila tulipochukua fungu letu.

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mjomba, alizitazama zote mbili, kisha akasema: "Hii ya kwanza tuitie fremu, tuitundike ukutani. Hii ya pili tuichane, isitukumbushe dhiki." Sikumjibu siku ile, kwani tulikuwa tumekaa kusubiri adhana na si adabu kubishana mbele ya futari. Makala hii ndiyo jibu langu. Mimi naziona karatasi hizi kuwa ni ndugu, mama mmoja na baba mmoja.

Neno lenyewe

Neno "ruksa" tumelipokea kutoka Kiarabu, rukhsa. Tulipokuwa tukisoma fiqhi chuoni, mwalimu alitufundisha kwamba rukhsa ni tahafifu anayopewa mja pale penye wajibu: msafiri hupunguza Sala, mgonjwa hufungua saumu. Kwa hiyo rukhsa haipo ila mbele yake pawe na faradhi au katazo. Ama mambo ya maisha, kama vile kulima, kununua, kuuza, kusafiri na kuvaa, wanazuoni wengi wameyawekea kanuni kwamba asili ya vitu ni kuwa halali mpaka ije dalili ya kukataza. Anayekataza ndiye anayedaiwa hoja, anayetenda hadaiwi.

Serikali ya vibali huipindua kanuni hiyo juu chini. Kwake asili ya kila jambo ni katazo, na raia ndiye anayedaiwa hoja: kwa nini anataka kuuza, kwa nini anataka kusafiri, kwa nini anataka kilo mbili badala ya moja. Historia ya wazee wetu katika pande mbili za bahari, kwa muda wa takriban miaka mia moja, ni historia ya kupinduliwa huko. Nami nataka tuisome yote, si ile sehemu inayotuuma sisi peke yake.

Karatasi ambayo haimo kashani

Tuanze na karatasi ambayo haimo katika kasha la bibi, wala haitokuwemo katika kasha la nyumba yoyote ya ukoo wetu. Mashamba ya karafuu ambayo wazee wetu waliyarithi hayakupandwa wala kupaliliwa kwa mikono ya wenye mashamba. Yalipandwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, zama za Seyyid Barghash, na hali ya kisheria ya utumwa ikaondolewa kwa amri ya mwaka 1897, zama za Seyyid Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza.

Wapo wanaopenda kusema kwamba serikali haifai kuingilia mali ya mtu, kisha wakataja mashamba yetu kuwa ni mfano wa mali iliyoingiliwa. Hoja hiyo haisimami mpaka ikubali jambo hili kwanza: mwanadamu si mali. Sheria iliyouondoa mkono wa bwana shingoni mwa mtumwa haikuingilia uhuru wa mtu yeyote, bali ilikomesha dhulma iliyoingilia uhuru wa maelfu. Anayeutetea uhuru wa soko na asiutaje uhuru wa mchumaji karafuu anatetea kitu kingine, si uhuru.

Lakini angalieni uhuru huo ulivyotolewa. Amri ya 1897 haikumwachia mtumwa aondoke asubuhi ya pili akaenda atakako. Ilimtaka aende mahakamani akaombe. Na akishatambuliwa kuwa huru, ilimlazimu aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji. Wenye watumwa ndio waliolipwa fidia. Watumwa hawakulipwa kitu. Basi hata uhuru wenyewe, ambao ni haki ya mwanadamu tangu tumboni mwa mama yake, ulipitishwa dirishani kama ombi, ukapigwa muhuri. Hiyo ndiyo ruksa ya kwanza katika habari zetu, nayo walioipanga foleni hawakuwa babu zetu.

Karatasi ya kwanza

Sasa tuje kwenye karatasi ambayo ndugu yangu anataka kuitia fremu. Miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka pamoja na bei za mazao mengine duniani. Wenye mashamba, wengi wao Waarabu, walikuwa na madeni makubwa kwa matajiri wa Kihindi, ambao ndio walionunua karafuu, wakakopesha fedha na kuzisafirisha. Serikali ya himaya ya Kiingereza iliogopa kwamba ardhi yote itahamia mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1934 ikatoa sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wa jamii nyengine, na ikasimamisha udai wa madeni yaliyowekewa rehani ya mashamba. Mwaka huo huo ikakipa nguvu za kisheria Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 ikaongeza sheria iliyokifanya chama hicho ndicho mnunuzi wa karafuu za wakulima, na wafanyabiashara wakatakiwa wakanunue kwake.

Wazee wetu waliifurahia. Deni la babu likasimama, shamba likabaki. Lakini Wahindi wa Unguja walikataa kushiriki biashara ya karafuu kwa masharti hayo, na Chama cha Congress cha India kikawaunga mkono kwa kuwataka watu wa India wasinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa mteja mkubwa. Karafuu zikalala maghalani. Mwaka 1938 ikabidi serikali ikae chini na wafanyabiashara na kufanya sulhu iliyowarudisha katika biashara.

Na kuna matokeo mengine, ambayo bibi aliyaeleza bila ya kutumia maneno makubwa. Alikuwa akisema: "Baada ya sheria ile, babu yako hakudaiwa, lakini pia hakukopeshwa." Ardhi isiyoweza kuuzwa kwa deni haiwezi kuwekwa rehani. Na asiyeweza kuweka rehani, msimu ukifika hana fedha za kuwalipa wachumaji. Ruksa iliyomlinda babu na tajiri wake ndiyo iliyomfanya aihitaji serikali kila mwaka. Kabla ya hapo alikuwa na wadai kadhaa, akakimbia huyu akaenda kwa yule. Baada ya hapo akawa na mlango mmoja tu wa kubisha.

Aidha, wazee wetu walifunzwa jambo ambalo walilipa gharama yake baadaye. Walikubali kwamba serikali inaweza kuigawa ardhi na biashara kwa kutazama kabila la mtu, maadamu mgao unawaelemea wengine. Walikubali kwamba karafuu iwe na mnunuzi mmoja aliyewekwa kwa sheria. Ghala lilijengwa, kufuli likatiwa, na funguo zikawekwa mezani. Hawakujiuliza ni nani atakayezishika funguo hizo kesho.

Karatasi ya pili

Kesho ilifika Januari 1964. Sitaki kurejea hapa habari za mauaji na za jamaa zetu waliopotea. Nimeyaandika mahali pengine, na Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Nataka kushikamana na habari ya riziki.

Mwezi wa Machi 1964 serikali mpya ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Mashamba makubwa yakakatwa eka tatu tatu, na kaya zaidi ya 20,000 zikapewa. Tuseme ukweli: waliopewa wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa wale walioyapanda mashamba hayo bila ya malipo. Mwenye insafu hawezi kusema kwamba hawakuwa na dai. Lakini eka tatu zile hawakupewa ziwe zao. Mwenye nazo hakuruhusiwa kuziuza, na karafuu aliyoichuma hakuruhusiwa kumuuzia amtakaye. Mnunuzi alikuwa mmoja, naye ni serikali, ambayo tangu mwaka 1968 ilifanya biashara hiyo kwa kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Mkulima mpya alirithi, pamoja na eka zake, kufuli lile lile la 1937.

Miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipanda sana, kwa sababu viwanda vya sigara vya Indonesia, ambako tumbaku huchanganywa na karafuu, vilikuwa na kiu kubwa. Serikali ya Zanzibar ilipata fedha nyingi za kigeni. Mkulima wa Pemba alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Basi akafanya lile ambalo mtu mwenye akili hufanya: usiku akapakia magunia katika jahazi, akaelekea pwani ya Kenya, ambako hakuna mbali. Serikali ikaita magendo, na ikafikisha adhabu yake hadi kifo. Fikirini jambo hili: mtu kuuawa kwa kuuza mazao aliyoyachuma kwa mkono wake.

Na katika miaka hiyo hiyo ambapo hazina ilikuwa imejaa, chakula mjini kilikuwa adimu. Rais Karume alitaka nchi ijilishe wenyewe, mchele wa nje ukapunguzwa, na wananchi wakaambiwa wale muhogo na vinavyoota nyumbani. Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na tatu. Bibi alikuwa akiniamsha kabla ya alfajiri nikashike nafasi katika foleni, kisha yeye akaja baada ya Sala. Tulikuwa tukiweka jiwe au kikapu kushika nafasi ya jirani. Nakumbuka siku moja tulifika dirishani baada ya saa nne, muuzaji akakichukua kijikaratasi, akatia alama yake, kisha akasema mchele umekwisha. Alama ilikwishatiwa. Bibi alimwomba aifute. Akajibu kwamba hana ruksa ya kufuta.

Bibi hakulia wala hakugomba. Njiani aliniambia neno moja: "Mwanangu, hata yeye hana ruksa." Nimelifikiri neno hilo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Wala mkono ule haukuishia katika mchele. Mwenye kuanza kupima chungu cha mtu huishia kupima na mengineyo. Kusafiri nje kulihitaji kibali. Mavazi na nywele za vijana zikawekewa amri. Na mwaka 1970 wasichana wa jamii ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, ati ili makabila yachanganyike. Serikali iliyojipa haki ya kumpangia baba bei ya karafuu yake haikuona ajabu kumpangia mkwe.

Waliosema kabla yetu

Haya hayakuwa mageni kwa watu wa elimu. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei. Akakataa, akaeleza kwamba mwenye kupandisha na kushusha ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Ni kweli kwamba wanazuoni waliofuata, na miongoni mwao Ibn Taymiyya, waliruhusu mtawala apange bei pale wauzaji wanapokula njama ya kuwanyima watu wanachohitaji. Lakini waliruhusu kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mkaguzi wa soko katika miji ya Kiislamu kazi yake ilikuwa kutazama mizani isipunje na maziwa yasitiwe maji. Mizani ilikuwa ya mwenye duka.

Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, ana mlango mzima unaoeleza kwamba mtawala akifanya biashara huwadhuru raia na kuiharibu hazina yake. Sababu anazozitoa ni nyepesi kufahamika: raia hushindana na raia wenzao kwa mitaji inayokaribiana, lakini hakuna anayeweza kushindana na mwenye jeshi. Atanunua kwa bei aitakayo, atauza kwa bei aitakayo, na watu watavunjika moyo waache kazi. Wakiacha kazi, kodi hupungua. Miaka mia sita baadaye, mikarafuu ya Pemba ilikuja kuwa ushahidi wake. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vyema, na hakuna apandaye mti wa miaka mingi kwa bei ambayo hana sauti nayo. Mashamba yakazeeka. Indonesia ikapanda yake, na miaka ya 1980 ilipoanza kujitosheleza, bei ya dunia ikaanguka. Zanzibar ikabaki na miti mikongwe na wakulima waliochoka.

Mtaalamu wa uchumi Friedrich Hayek, ambaye kitabu chake juu ya njia ya kuelekea utumwa kilitoka mwaka 1944, aliongeza jambo ambalo karani yeyote analijua. Alisema kwamba habari zinazohitajika kuendesha uchumi hazipo mahali pamoja. Zimetawanyika vichwani mwa watu, na bei ndiyo inayozibeba kutoka kwa mmoja hadi kwa mwengine. Mkulima wa Wete hakuwa na haja ya kuijua Indonesia. Bei iliyopanda ingemwambia: panda. Serikali iliifunga bei kinywa, basi habari haikumfika.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya wajamaa peke yao. Huko huko Indonesia, chini ya serikali iliyowapiga vita wajamaa, biashara ya karafuu iliwekwa miaka ya 1990 mikononi mwa bodi moja iliyoongozwa na mwana wa Rais Suharto. Wakulima wakadidimia, na bodi hiyo ikavunjwa mwaka 1998. Dawa ile ile humdhuru mgonjwa, iwe chupa ni nyekundu au ni ya dhahabu.

Upande wa pili wa bahari

Jamaa zetu waliokimbia 1964 walidhani wanarejea katika nchi ya babu zao. Lakini Oman ya wakati ule nayo ilikuwa nchi ya ruksa. Sultan Said bin Taimur alikuwa mtu mwenye hofu ya madeni na ya mambo mapya, na alitaka kila jambo lipite mkononi mwake. Kusafiri nje kulihitaji idhini yake. Kuagiza gari kulihitaji idhini. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa saa tatu baada ya magharibi kwa mzinga, na mwenye kutembea baada ya hapo alitakiwa achukue taa. Ilipofika 1970, shule za kisasa zilikuwa tatu na barabara ya lami ilikuwa kilomita kumi tu. Wengi wa jamaa zetu hawakufunguliwa mlango. Wakakaa Dubai, Kuwait au Cairo mpaka Julai 1970, aliposhika madaraka Sultan Qaboos na kuwaita Waomani walioko nje warejee.

Angalieni tofauti na mfanano. Karume alisema anawatetea wanyonge; Said bin Taimur alisema anahifadhi mila. Mmoja alijiita mwanamapinduzi, mwengine alichukia hata neno hilo. Lakini raia wa wote wawili alisimama mbele ya mlango, kofia mkononi, akingoja aruhusiwe kufanya lile ambalo asili yake ni halali.

Hapa ni lazima niwe mwadilifu. Baada ya 1970 ilikuwa ni serikali ya Oman iliyojenga shule walizosoma watoto wangu, hospitali alimotibiwa mama yangu, na barabara zilizotufikisha kijijini kwetu. Wako wakosoaji wa serikali ambao wangesema hata hayo yangeachiwa soko. Mimi siwezi kusema hivyo, kwani nimeyala matunda yake. Lakini naona kwamba serikali inayojenga barabara ni kitu kimoja, na serikali inayokuuliza unaitumia barabara kwenda wapi ni kitu kingine.

Mzee Ruksa

Zanzibar nayo ilikuja kulegeza. Mwaka 1983 Tanzania Bara kulikuwa na msako wa wale walioitwa wahujumu uchumi, na watu walitupa sabuni na mafuta ya kupikia wasikutwe navyo. Lakini mwaka 1984 mambo yakageuka pande zote mbili: wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na maduka ya Darajani yakaanza kujaa. Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza Zanzibar mwaka huo na kisha akawa Rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, akapewa na watu jina la mapenzi: Mzee Ruksa.

Ninaliheshimu jina hilo, na ninamwombea aliyelichukua, kwani alikuwa mtu mpole na alizifuta foleni. Hata hivyo, kila nilisikiapo hunihuzunisha kidogo. Watu waliozoea kiu humshukuru aliyewafungulia bomba, wakasahau kuuliza ni nani aliyelifunga. Tulifurahi kwa kupewa ruksa ya kununua sabuni. Na kilichoitwa ruksa kinaweza kurejeshwa kesho, kwa kuwa kilitolewa kama hisani, hakikutambuliwa kama haki. Karafuu yenyewe kwa miaka mingi mnunuzi wake alibaki yule yule mmoja, ijapokuwa katika miaka ya 2010 mkulima alianza kupewa asilimia 80 ya bei ya nje. Nayo ni heri kubwa kuliko zamani, nasi tunaishukuru. Lakini bado ni heri ya kupewa.

Muhuri wangu mwenyewe

Ningeishia hapa kama nisingekuwa na deni langu. Nilifanya kazi ya ukarani kwa miaka zaidi ya thelathini, na miaka kadhaa kati ya hiyo nilikaa dirishani, nikipokea maombi ya vibali vya biashara ndogo ndogo. Siitaji ofisi, kwani kosa lilikuwa langu.

Siku moja alikuja mama mmoja mjane, Mswahili mwenzetu, aliyetaka kibali cha kuuza sambusa na mikate ya kumimina kutoka jikoni kwake. Ombi lake lilipungukiwa na nakala moja. Nikamrejesha. Akaja tena, safari hii mkubwa wa kutia saini hayupo. Mara ya tatu fomu ilikuwa imebadilishwa, akatakiwa aanze upya. Akaniambia kwa upole: "Baba, wewe si unaniona? Niandikie tu." Nikamjibu, na wallahi sikuyafikiri maneno yangu: "Mama, mimi sina ruksa."

Hakurudi tena. Jioni ile, nikiwa garini, nilimsikia bibi yangu wa foleni ya 1971. Yule muuzaji wa dirishani nilimchukia utotoni mwangu wote. Nilikuwa nimekwisha kuwa yeye, katika nchi nyengine, chini ya serikali nyengine, kwa mshahara mzuri na bila ya nia yoyote mbaya. Ndipo nikafahamu kwamba ubaya wa mambo haya hauhitaji watu wabaya. Unahitaji dirisha tu, na mtu mpole nyuma yake asiye na ruksa ya kutumia akili yake.

Basi, ndugu yangu mtoto wa mjomba, hili ndilo jibu langu. Karatasi ya kwanza tusiitie fremu peke yake, na ya pili tusiichane. Tukiihifadhi ile inayotupendelea na kuichana ile inayotuumiza, tutawafundisha wajukuu wetu kwamba mkono wa serikali katika riziki ya watu ni mzuri unapokuwa upande wetu. Na hilo ndilo kosa lililowaponza wazee wetu. Nimezitia zote mbili katika fremu moja, na katikati yake nimeacha nafasi tupu, kwa ajili ya karatasi za wale waliokwenda mahakamani mwaka 1897 kuomba nafsi zao.

Mjukuu wangu wa miaka tisa aliniuliza nafasi ile ni ya nini. Nilimkalisha nikamwambia. Inshallah naye atawaambia wanawe.

Wabillahi tawfiq.